Mwaka Tuliokula Uani

Siku tulipomzika Shangazi Veneranda pale Nyakisasa, katekista alisoma wasifu wake taratibu, karatasi ikipeperuka kidogo mkononi. Alisoma kwamba marehemu alizaliwa hapo hapo kijijini, akabatizwa, akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa na Laurenti, dereva wa malori, wakahamia Lusahunga wilayani Biharamulo. Akasoma kwamba alifiwa na mumewe. Kisha akageuza karatasi, na upande wa pili ukaanza hivi: akaendelea na kazi ya ushonaji mpaka uzee ulipomrudisha kwao. Watu waliitikia kwa kutikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nimeinamisha uso, kwa sababu karatasi ile niliiandika mimi mwenyewe asubuhi ile, kwa haraka, huku watu wakiniuliza sufuria kubwa ziko wapi. Mwaka mzima ulikuwa umeangukia pale alipogeuza karatasi. Niliuruka kwa sababu sikujua mtu anaandikaje kwenye wasifu wa marehemu kwamba aliwahi kukaa mwaka akijifunza upya kula. Sasa nimerudi nyumbani kwangu, matanga yamekwisha, na mwaka ule haunitoki kichwani. Ajabu ni kwamba kila ninapoukumbuka, huzuni ya msiba inasogea pembeni, ninaipata tena furaha ya msichana wa miaka kumi na tisa mwenye masizi mpaka kwenye nyusi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na sina kazi ya maana. Laurenti alikuwa amezikwa miezi mitatu nyuma. Lori lake lilikuwa limepinduka kwenye mteremko akitokea Rusumo. Habari zilifika nyumbani kwamba Shangazi yuko peke yake na hali chakula. Basi nikapandishwa kwenye basi na kikapu cha maharage, nikaambiwa nikamwangalie. Nikiri kwamba nilienda kwa shangwe. Nyakisasa gari likipita watu walitoka nje kulitazama. Lusahunga malori yalisimama kwa safu, yananguruma, yananuka dizeli na breki za moto, na madereva wakiongea lugha za nchi tatu wakati wa kununua ndizi. Niliteremka pale njia panda nikiwa nimetabasamu kama mtu aliyekwenda harusini. Tabasamu lile lilinitoka nilipofungua mlango wa sebule. Cherehani ilikuwa karibu na dirisha, imefunikwa shuka, na Shangazi alikuwa amelala kwenye mkeka chini yake, amevaa gauni ambalo zamani lilimbana. Sasa mabega yake yalionekana ndani ya gauni hilo kama hanga la nguo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuwa mrefu," alisema, akafumba macho tena, kana kwamba maneno yale machache yalikuwa kazi ya siku nzima.

Nyumba ile ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na nyuma yake uani palikuwa na jiko la miti na udongo lililoezekwa bati. Nikaingia humo nikiwa na nia ya kumpikia mtu aliyefiwa chakula cha kueleweka. Nikachemsha maharage niliyotoka nayo nyumbani, nikabandika sufuria nyingine, nikamimina mafuta, nikatia kitunguu. Kitunguu hakijaanza hata kubadilika rangi, nikamsikia akitoka mbio, akapita nyuma ya nyumba, akatapika. Hakuwa na kitu tumboni, kwa hiyo alitapika maji tu, ameshika ukuta kwa mikono miwili. Nilipomletea maji ya kusukutua, alikaa chini hapo hapo kwenye udongo, akanieleza jambo ambalo nadhani hakuwa amemweleza mtu. Siku ile alikuwa anakaanga dagaa. Wanaume wawili, madereva wenzake Laurenti, walikuja wakasimama mlangoni pa jiko, kofia mikononi, wakasema shemeji, tunaomba kuongea na wewe. "Nikawaambia wangoje," alisema. "Dagaa walikuwa karibu kuungua. Nikawageuza, nikawageuza tena, nikawatoa, nikazima moto, nikanawa mikono. Wao wamesimama tu wananingoja. Ndipo wakaniambia." Tangu siku hiyo harufu ya mafuta ya moto ikimfikia, anatapika. Ikija kutoka nyumba ya jirani anafunga dirisha. Kwa miezi mitatu alikuwa amekula uji, vijiko vitatu asubuhi, na chai.

Nilidhani hilo ndilo tatizo lote. La pili nililisikia bombani, nikiwa nimesimama foleni na ndoo yangu. Wanawake wawili mbele yangu hawakuwa wamenijua bado, au walinijua na hawakujali. Mmoja alisema, "Kwa mjane wa dereva kumekuja binti." Mwenzake akajibu, "Watoto wa watu wanatumwa kufa. Umemwona alivyokonda? Dereva hafi peke yake." Siku zile neno ukimwi halikutajwa kwa urahisi, watu walisema ule ugonjwa, au walisema tu kwamba mtu amekonda, na kila aliyesikia alielewa. Mkoa wetu ulikuwa umezika vijana wengi. Nilijaza ndoo yangu, nikarudi, na nikaanza kuelewa kwa nini cherehani ilikuwa imefunikwa. Hakuna aliyeleta kitambaa, kwa sababu hakuna aliyetaka kupimwa kiuno na mikono ile.

Wiki mbili nilihangaika na uji. Niliutia karanga, niliutia maziwa, niliutia sukari mpaka ukawa haunyweki. Kisha alasiri moja njaa iliniuma mimi mwenyewe, na kwa kuwa sikutaka moshi uingie ndani, nikatoa makaa machache jikoni kwa kipande cha bati, nikayaweka uani juu ya mawe matatu, nikalaza hindi bichi juu yake. Nilikuwa naligeuza kwa vidole huku najipuliza, punje zikianza kupata rangi na kupasuka, niliposikia sauti kutoka dirishani.

"Unachoma nini?"

"Hindi, Shangazi."

Nikafikiri nimemuudhi. Halafu akasema, "Kata nusu, uniletee."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimefaulu mitihani, nimezaa, nimejenga, lakini sina hakika kama kuna maneno yaliyowahi kunirusha moyo kama hayo. Nilivunja hindi kwa goti, nikaingia nalo mbio, nusu yangu nikaisahau kwenye makaa ikaungua. Alikaa kitako kwenye mkeka akala punje moja moja, anaing'oa kwa kidole gumba, anaitazama, anaiweka mdomoni. Alimaliza. Akanitazama, akasema, "Halina mafuta," kama mtu aliyegundua njia ya kutokea kwenye chumba alichofungiwa. Kesho yake nilichoma viazi vitamu ndani ya majivu, akala kimoja. Keshokutwa ndizi mbichi, nimezichoma na maganda mpaka yakawa meusi, nikazimenya zikitoa mvuke, nikatia chumvi. Akala mbili, akaniomba ya tatu. Siku ya nne alitoka mwenyewe na kigoda, akaketi karibu na makaa, akauliza, "Na nyama je? Nyama nayo si inachomwa?"

Sikujua. Nyumbani nyama ilikuwa ya kuchemsha, na ikichomwa ni wanaume ndio wanaichoma, wamesimama kwenye sherehe, wanakata vipande na kuonja zaidi ya wanavyogawa. Lakini pale njia panda alikuwako Sospeter, Msubi mmoja mnene mwenye sauti ndogo, aliyechomea madereva mbuzi tangu asubuhi. Nikamwendea, nikamsalimia, nikamwambia ukweli wote, kwamba shangazi yangu hali chakula cha mafuta, na nataka kujua anavyochoma. "Wewe ni wa kwa Laurenti," alisema. "Laurenti alikuwa anakula hapa. Alikuwa anapenda mbavu. Njoo huku nyuma, usimame upande ambao moshi hauji." Basi nikasimama nyuma ya jiko lake asubuhi tatu mfululizo, na yale aliyonifundisha ninayafundisha mpaka leo. Kwamba makaa mekundu yenye mwali hayajawa tayari. Ungoje yavae majivu meupe. Kwamba unaweka kiganja juu ya wavu, ukiweza kukiacha hapo huku unahesabu moja mpaka nne, huo ni moto wa nyama. Ukifika saba, huo ni wa ndizi na mboga. Kwamba chumvi na ndimu vinatosha, na nyama uitoe mapema, uiache ipumzike kwenye sinia kabla ya kuikata. "Wewe una haraka sana," alisema mara ya kwanza nilipojaribu kugeuza kipande. "Unakigeuza kwa sababu unaogopa. Kiache kikuachie wavu chenyewe." Siku ya tatu alinipeleka kwa fundi wa matairi aliyekuwa ng'ambo ya barabara, wakazungumza kidogo, na nikaondoka nimebeba kichwani rimu kuukuu ya gurudumu la lori ya kuwekea makaa, nzito kama dhambi, na wavu wa nondo nyembamba ambao fundi aliuunganisha akiwa anacheka. Nilipita katikati ya Lusahunga na rimu ile kichwani, shingo inanilegea, na nilijiona kama mtu aliyetunukiwa kitu.

Nyama yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Nje ilikuwa nyeusi, ndani ilikuwa inatoa damu, na Shangazi aliitafuna akijaribu kutokucheka. Ya pili ilikauka kama kamba. Ya tatu, ya paja la mbuzi, nilingoja majivu meupe, nikahesabu kwa kiganja, nikaiacha ikaachia wavu yenyewe, na nilipoikata mchuzi wake ulitiririka kwenye sinia. Shangazi alichovya kipande cha ndizi kwenye mchuzi ule. Akanyoosha mkono kuchukua kingine.

Tangu hapo tulihama jikoni. Lile jiko la udongo likawa la kuwekea kuni na kuku, na maisha yetu yote yakahamia uani, kati ya ukuta wa nyumba na ua wa minyaa uliotutenga na majirani. Nyama haikuwa ya kila siku, lakini moto ulikuwa wa kila siku, na hapo ndipo raha yangu kubwa ilipokuwa, kwenye mboga. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba mboga ni kitu cha kuchemshwa mpaka kisahau kilikotoka. Sasa nilikuwa naamka nikiwaza nichome nini. Bilinganya zima nililiweka juu ya makaa mpaka ngozi ikanyauka, nikalimenya, nikaliponda na nyanya zilizochomwa zikapasuka, chumvi na ndimu. Tulilila kwa viazi vitamu tukalamba vidole. Vitunguu vizima nilivichoma na maganda yake, na vikatoka ndani vitamu, laini, visivyo na ukali wowote, na Shangazi, ambaye kitunguu cha kwenye mafuta kilikuwa kimemtoa mbio, alivila vinne. Boga nililikata mapande ya mwezi. Nyanya chungu nilizitoboa kwa kijiti ili zisiruke. Hoho, uyoga wa masika, samaki wa kutoka ziwani waliofungwa kwenye majani ya mgomba. Vingine viliharibika. Kabichi iligoma kabisa, na papai bichi hatukulizungumzia tena. Shangazi alikuwa ameanza kutoa amri kutoka kwenye kigoda chake: sogeza lile, punguza huku, hilo bilinganya linakulilia hulioni. Uso wake ulianza kujaa. Alikuwa amelipunguza lile gauni kwa sindano ya mkono, na baada ya miezi miwili akalifumua tena kulipanua.

Leo nafundisha sayansi kimu, na wanafunzi wangu wana majiko ya gesi na vitabu vyenye picha. Huwa nawaambia kuchoma ndiyo njia rahisi kuliko zote za kupika, maana unahitaji moto, chumvi na subira. Siwaambii kwamba mimi niliona njia hiyo ikimrudisha mtu, kwa sababu nikianza kueleza sauti inaniharibikia, na darasa la watoto wa miaka kumi na sita si mahali pa hayo.

Kilichokuwa hakijarudi ni watu. Kwetu chakula kikiiva vizuri, unampelekea jirani sahani. Hiyo ni adabu tu. Nikafanya hivyo kwa nyumba mbili za upande wa barabara. Wote walipokea kwa asante nyingi. Jioni hiyo hiyo, nikiwa naanua nguo, nikamwona mama wa nyumba moja akimimina mbuzi wangu, paja lile lile, mbele ya kuku wake. Alikuwa anakuna sahani kwa kijiti ili asiiguse. Nilirudi ndani nikiwaka hasira, nikamweleza Shangazi. Aliendelea kupepeta mtama. Kisha akasema, "Mwana wanje, mwanangu, mimi nilipima. Nilikwenda hospitali Biharamulo mwezi ule ule wa msiba. Sina. Na Laurenti alikufa kwa ajali."

Nilisimama. "Sasa mbona husemi? Kuna karatasi?"

"Ipo sandukuni."

"Nipe nikawaonyeshe. Niende bombani kesho, niwasomee."

"Hapana," alisema. Hakupandisha sauti. "Sitabandika karatasi mlangoni ili watu wale chakula changu. Na kama ningekuwa nao, je? Ningestahili kula na kuku?" Akanitazama mpaka nikaangalia chini. "Usimwambie mtu. Nimekuambia wewe kwa sababu unaosha vyombo vyangu."

Sikuelewa. Kwa umri ule niliona kiburi tu, na nilikaa siku nyingi nikiibeba siri ile kama mtu aliyebeba maji ya moto mdomoni. Nilijua neno moja tu lingetosha kufungua mlango, na yeye alikuwa amelifungia sandukuni.

Aliyekuja alikuja kupitia kwenye minyaa. Mama Hadija, jirani yetu wa nyuma, Mzinza, alikuwa amekaa Biharamulo muda wote tangu msiba, akimwangalia binti yake aliyejifungua mapacha. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alirudi mwanzoni mwa kiangazi, na siku ya pili yake, sisi tukiwa na mbavu za mbuzi juu ya wavu na vitunguu pembeni, minyaa ilitikisika, akatokea mwanamke mfupi mwenye kitenge cha kichwani kilicholegea, anapangusa utomvu kwenye mkono.

"Veneranda," alisema, "nimelala njaa kwa ajili ya harufu yako ya jana. Reo nimeshindwa." Alikuwa mtu wa kuchanganya r na l, na akichangamka alichanganya zaidi.

Walishikana mikono, wakapeana pole, wakalia kidogo kama wanavyolia wanawake ambao hawajaonana tangu msiba. Nikaleta kigoda. Nikaona, juu ya minyaa upande wa barabara, vichwa viwili vimesimama, ndoo kichwani, havitembei. Nikajua hii ndiyo habari itakayofika bombani, kwa upande wowote itakaoegemea. Nikaitoa nyama, nikaiacha ipumzike kwenye sinia, nikasahau kuikata kwa kuzitazama zile ndoo. Shangazi ndiye aliyechukua kisu. Akakata ubavu mmoja, akaunyoosha kwa mkono wake mtupu. Mama Hadija alinyoosha wake, halafu akausimamisha hewani.

"Subiri kwanza," alisema.

Shangazi hakuurudisha mkono. Nilitazama uso wake na nikaona kila kitu tulichojenga kwa miezi mitano kikiwa kimekaa pale kwenye ncha ya vidole vyake.

"Kachinja nani?" aliuliza Mama Hadija.

Kwa sekunde chache hakuna aliyeelewa swali. Kisha mimi nikalielewa, nikajibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Mzee Idi, wa machinjioni. Sospeter hanunui kwingine."

"Ah, Idi," alisema. "Basi, bismillahi." Akauchukua ule ubavu mkononi mwa Shangazi, akaung'ata, akafumba macho. Alipomaliza alilamba vidole, akachukua kitunguu kwenye sinia lile lile tulilokuwa tunalia chakula sisi, akauliza kama kuna ndizi. Shangazi alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakamtoka, na Mama Hadija akacheka pia bila kujua kinachochekesha, mdomo umejaa. Zile ndoo mbili juu ya minyaa ziliondoka polepole.

Sitasema kwamba kijiji kizima kilikuja mbio kesho yake. Watu hawako hivyo. Lakini Mama Hadija alikuja kila jioni kabla jua halijazama, na alikuwa mwanamke mwenye ndugu wengi na sauti inayofika mbali. Alianza kuja na bilinganya zake mwenyewe. Baada ya wiki mbili akaja na wifi yake, aliyekuja na maboga. Kisha mke wa fundi wa matairi, kuangalia kama rimu ya mumewe inafanya kazi. Alikaa mpaka giza likaingia. Ikawa desturi: kila mtu anakuja na chake, anakilaza kwenye wavu, na hakuna anayekumbuka kipi ni cha nani kikishaiva. Waliongea kwa Kizinza, Kisubi, Kiswahili, na Kihangaza chetu, na nilijifunza humo matusi na maombi ya lugha nne. Mwezi wa tisa mtu alileta kitambaa cha sare ya shule. Shangazi aliondoa lile shuka kwenye cherehani, akaipangusa vumbi, akatia mafuta kwenye gurudumu, akasimama na futi ya kupimia shingoni. Yule mama aliyemwaga nyama yangu kwa kuku alikuja mwishoni kabisa, karibu na Noeli, na nyanya ndani ya kanga. Mimi nilitaka kumrudisha alikotoka. Shangazi alimpokea zile nyanya, akazipanga kwenye wavu, akamuuliza watoto hawajambo.

Matokeo yangu yalikuwa yametoka mapema mwaka ule, na sasa nikachaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Wiki ya mwisho kabla sijaondoka, asubuhi moja, nilimkuta Shangazi anaifunga ile rimu kwa kamba. Aliniambia tunakwenda kwa Mama Jeni. Nilijua Mama Jeni ni nani. Kila mtu alijua. Aliishi mwisho wa njia ya mashine ya kusaga, chumba kimoja. Habari zake hazikuwa za kunong'onwa, maana alikuwa na ule ugonjwa kweli, ameshaanza vidonda mdomoni. Alikuwa amebaki na binti yake mdogo, Jeni, na chakula aliletewa na mtu wa kanisani, kinawekwa mlangoni. Tulitembea na rimu kati yetu, kila mmoja ameshika upande wake wa kamba, mfuko wa mkaa mgongoni kwangu. Tulipofika Shangazi alipiga hodi, akamtoa Mama Jeni nje kwa kumshika kwapani, akamkalisha kwenye mkeka chini ya ukingo wa paa, kwenye jua. Nikawasha moto. Tulikuwa na maini, ambayo ni laini, na bilinganya, na ndizi za kuiva. Nilisubiri majivu meupe. Nilihesabu kwa kiganja. Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa, na nilikuwa naona fahari.

Kisha Shangazi akaponda bilinganya na maini laini kwenye sahani moja, akaiweka katikati ya mkeka, akakaa. Jeni akakaa. Mama Jeni alinyoosha mkono wake, ngozi na mfupa, akachota. Shangazi akachota palepale alipochota yeye. Wote wakaendelea kula, na mimi nilikuwa bado nimesimama, najifanya napanga makaa.

Mimi. Niliyewaka hasira nilipoona kuku wakila nyama yangu. Nilijua hata wakati ule kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kula pamoja; nilikuwa nimesoma shuleni, nilijibu swali hilo kwenye mtihani. Mkono wangu haukujua. Nilipangapanga makaa yaliyokuwa yamepangika, na Shangazi hakuniita, hakunikonyeza, hakugeuza hata kichwa. Aliendelea kula, akaacha nafasi upande wake wa mkeka. Sijui nilikaa pale muda gani. Najua tu kwamba nilinawa mikono, nikaketi kwenye ile nafasi, nikachota, nikala, na mdomo ulikuwa mkavu mpaka sikusikia ladha.

Mama Jeni alikuwa ananitazama. Nadhani aliona yote, tangu makaa ya kwanza. Alitafuna polepole, kwa sababu ya vidonda, akameza, akafuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Wewe ndiye mpishi?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Hujatia chumvi ya kutosha," alisema.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesahau chumvi kabisa. Nikaomba radhi, nikainuka, nikaingia chumbani kwake kuitafuta.